Waalimu wa Mpira wa Watoto Wetu Watoka Wapi?

Mwezi wa sita mwaka huu, saa ya kutoka shuleni, mama mmoja wa Kikula alitungoja mlangoni, mwanawe wa miaka 12 amesimama nyuma yake juu ya mguu mmoja kama korongo. Baada ya kusalimiana na kuulizana habari za nyumbani, mama alitueleza shida yake.

"Mwalimu, mtoto huyu aumwa goti tangu Pasaka. Yule Papa wa zamani wa Gécamines amwambia avumilie, kwani mwanamume halii. Kijana wa pikipiki ampa mazoezi ya kurukaruka aliyoyaona katika simu yake. Mjomba wake asema ni dawa mbaya ya timu ya ng'ambo ya barabara. Nawe pia, Mwalimu, samahani, ulimwambia afunge kitambaa gotini acheze. Sasa nimsikilize nani?"

Swali hilo lilitukaa moyoni siku nyingi. Kwanza, sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa washtakiwa. Pili, tuliona wazi kwamba si swali la mama mmoja tu. Nendeni jioni yo yote ya kiangazi kwenye uwanja wo wote wa Likasi, uwe wa Kikula, wa Panda au wa Shituru. Mtaona watoto ishirini na wawili, au thelathini ikiwa hakuna aliyewahesabu, wakifukuza mpira katika vumbi, na kando ya mstari watu wazima kumi, kila mmoja akitoa amri yake. "Piga!" asema huyu. "Usipige, toa!" asema yule. Mtoto asimama katikati, masikio yamejaa, na mpira umekwisha kuchukuliwa.

Basi tuliamua kufanya kazi ndogo. Kwa majuma mawili tulikwenda viwanjani, si kufundisha, bali kukaa na kuwauliza watu hawa: Bwana, wewe ulijifunzia wapi mambo unayowaambia watoto?

Wa kwanza alikuwa yule Papa mwenyewe. Alifanya kazi miaka mingi Shituru, katika kiwanda kisafishacho shaba kwa nguvu za umeme. Mwaka wa 2003, Gécamines iliposhindwa kuwalipa watu wake, wafanyakazi zaidi ya elfu kumi walipewa fedha mkononi wakaacha kazi, na jambo hilo likaitwa kuondoka kwa hiari. "Hiari gani?" alituuliza, nasi hatukuwa na la kusema. Fedha zilikwisha upesi, kama fedha za namna hiyo zikwishavyo. Kilichobaki ni filimbi aliyoipata alipocheza katika timu ya wafanyakazi, na desturi za kiwanda. Kwake mazoezi yaanza saa tisa kamili, wala si saa tisa na dakika tano. Viatu, au ndala kwa wasio na viatu, hupangwa kwa mstari mmoja kando ya uwanja. Mtoto asiyemwamkia mtu mzima apitaye haingii uwanjani siku ile. Twakiri kwamba katika darasa letu hatuna utulivu kama ule.

Lakini Papa huyu ana sheria moja mbaya: mtoto hanywi maji mpaka filimbi ya mwisho. "Maji hulegeza miguu," asema. Hakujitungia maneno hayo; ndivyo alivyofundishwa yeye, na hata huko Ulaya waalimu wengi wa zamani waliamini hivyo. Leo waganga wafahamu kwamba mwili uliokaukiwa hupoteza nguvu, tena huweza kuanguka. Jambo hili tutalirudia, maana lina ubaya zaidi ya kiu.

Watu wa namna yake wametoka wapi? Hapo yafaa tukumbuke historia yetu. Mji huu ulipokuwa bado ukiitwa Jadotville, Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka wa 1906, ilijenga kambi zenye shule, zahanati na viwanja vya mpira, kwa kuwa ilitaka mfanyakazi atulie na familia yake asirudi kijijini. Mpira ulikuwa sehemu ya mpango huo, kama vile unga na samaki wakavu waliopimiwa watu. Nao wamisioni walikuwa na mpira wao. Huko Lubumbashi, mwendo wa kilometa 120 hivi kutoka kwetu, timu ambayo leo dunia nzima yaijua kwa jina la Mazembe ilianzishwa mwaka wa 1939 na watawa wa Mtakatifu Benedikto waliosimamia shule, ikapewa jina la Mtakatifu Georges. Jina la Englebert ililolichukua baadaye ni la magurudumu ya gari. Jirani yake, Saint-Éloi Lupopo, yachukua jina la mtakatifu msimamizi wa wafua vyuma. Huko Kinshasa, Padre Raphaël de la Kethulle, ambaye watu walimwita Tata Raphaël, alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa baba wa michezo ya mji ule. Uwanja uliofunguliwa mwaka wa 1952 wachukua jina lake leo. Basi tangu mwanzo, waliowafundisha watoto wa Kongo mpira walikuwa mapadre, wanyapara, makarani na waalimu. Wachezaji wenyewe walikuja nyuma.

Twasema hivi kwa sababu tumesikia wazazi wengi wakidharau: "Huyo afundishe nini, naye hakucheza po pote?" Neno hilo halina uzito mkubwa kama wadhanivyo. Mwitalia Arrigo Sacchi aliuza viatu kabla ya kuwa mwalimu wa mpira, wala hakuwa mchezaji wa kulipwa. Timu yake ya Milan ilichukua kombe la Ulaya mwaka wa 1989 na tena mwaka wa 1990. Mreno José Mourinho alifundisha mazoezi ya mwili shuleni, kisha akawa mkalimani wa mwalimu Mwingereza. Kinyume chake pia ni kweli. Blagoje Vidinić, Myugoslavia aliyeongoza timu yetu ya taifa mwaka wa 1974, alikuwa mlinda lango hodari aliyeichezea nchi yake. Naye aliiletea nchi yetu kombe la Afrika huko Misri, na miezi michache baadaye, huko Ujerumani, aliona wachezaji wake wakifungwa mabao 9 na ndugu zake mwenyewe. Aliyecheza aweza kufundisha vema au vibaya, na asiyecheza vilevile. Litazamwalo ni jinsi mtoto anavyorudi nyumbani.

Kijana wa pikipiki ni wa namna nyingine kabisa. Mchana abeba abiria, na jioni, akiisha kupeleka hesabu kwa mwenye chombo, huja uwanjani na simu yake. Ajua majina ya wachezaji wote wa Ulaya na bei zao, ajua nani ameumia na nani atauzwa. Watoto humzunguka kama nyuki. Katika simu hiyo ameona wachezaji wa kulipwa wakiruka vizuizi, wakishuka kwa mguu mmoja, wakiruka tena mara hamsini, naye akawapa watoto wa miaka 11 kazi ileile juu ya ardhi yetu ngumu kama saruji. Tulimwuliza kama anayefundisha katika picha zile ametaja umri wa wanafunzi wake. Alicheka, akasema yasemwa kwa Kihispania, naye hasikii Kihispania.

Tusimcheke sana. Moyo wake ni mwema. Hatozi hata faranga moja, na mara nyingi hununua yeye mwenyewe kamba ya kufunga mipira ya matambara. Tena ametuonyesha jambo ambalo hatukulijua: kwamba watoto wadogo hujifunza zaidi wakicheza wanne kwa wanne katika uwanja mdogo kuliko kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, kwani hapo kila mmoja hugusa mpira mara nyingi. Tulilijaribu shuleni, tukaona ni kweli. Simu ile, basi, si adui. Ila ni kama duka la dawa lisilo na muuzaji: chupa zote zi wazi, na kila mtu ajichukulia.

Wa tatu hapendi kuzungumza. Alikuwa mchezaji kweli. Alitoka Panda akaenda kucheza Lubumbashi, watu wakamwimbia jina lake, kisha goti likakatika ukano akiwa na miaka 23, na hapakuwa na fedha ya kulitibu ipasavyo. Leo ashona nguo sokoni. Siku ya Alhamisi na Jumamosi hufunga cherehani yake mapema, akaja kuwafundisha watoto wadogo kabisa, wa miaka 7 na 8, ambao hakuna mwingine awatakaye kwa kuwa hawashindi cho chote. Hapigi kelele. Mtoto akikosea, humwita, humwonyesha kwa mguu wake mzima, humrudisha. Tulipomwuliza kwa nini hafundishi wakubwa, alijibu: "Wakubwa wataka niwaambie watafika. Mimi sijui kama watafika."

Kuhusu sisi waalimu wa shule tutasema machache, maana mtu hajioni kisogo. Tulijifunza mpira seminarini, tukivaa kanzu tulizozikunja kiunoni, naye padre mkuu wa nidhamu alikuwa mwamuzi ambaye hakuna aliyethubutu kumpinga. Tulijifunza sheria zote kwa moyo. Twaweza kumweleza mtoto maana ya kuotea kwa ubao na chaki. Lakini tabia yetu ya darasani hutufuata: twataka kila swali liwe na jibu, na jibu litoke kwetu. Mtoto yule alipokuja na goti lake, hatukusema "hatujui". Tulisema "funga kitambaa". Kosa letu ni hilo, nasi tunaliandika hapa bila kulipunguza.

Sasa twafika kwa mtu ambaye hakuna amwitaye mwalimu. Karibu na lango la upande wa mashariki hukaa mama auzaye mikate ya mafuta na chai. Hajui kuotea, wala hana haja ya kujua. Lakini tulipokaa karibu na karai lake siku mbili tatu, tuliona kwamba yeye awajua watoto kuliko sisi sote. Ajua nani hajala tangu jana, maana huyo huja kusimama karibu na moto bila kununua. Ajua nani baba yake ameondoka kwenda kuchimba, akaacha nyumba bila habari kwa miezi mitatu. Ajua nani huchechemea akidhani hatazamwi. Ndiye aliyemwambia mama wa Kikula, "Dada, mtoto wako haigizi, nimemwona akishuka mtaro kwa kukaa." Mwalimu wa mpira awaonaye watoto saa moja na nusu tu, wote wakiwa wamekwisha jikaza mbele yake, angefaa kunywa chai hapo kila siku kabla ya kupuliza filimbi.

Ni mama huyu wa mikate aliyetuelekeza kwa muuguzi wa zahanati, ambaye ni mteja wake. Tulikwenda pamoja, mama wa Kikula, kijana na sisi. Muuguzi hakuanza kwa kulitazama goti. Aliuliza maswali: je, mtoto ameota sana mwaka huu? Mama akacheka, akaonyesha suruali iliyofika nusu ya mguu. Je, apata homa? Maumivu humwamsha usiku? Mikono na mgongo huuma pia? Kuna mtoto katika ukoo mwenye ugonjwa ule wa damu ambao watu huuita SS? Majibu yote yalikuwa hapana. Kisha akabonyeza kidole chini kidogo ya kifuniko cha goti, mahali panapojitokeza mfupa, na kijana akaruka.

Alitufafanulia hivi. Mtoto aotapo upesi, mifupa hurefuka kwanza, na misuli ya paja hubaki nyuma, imekazwa kama uzi wa ngoma. Ukano wa misuli hiyo umeshikamana na mfupa wa muundi chini ya goti, mahali ambapo kwa mtoto wa umri huo bado ni laini, hapajakomaa. Kila akikimbia, kila akiruka, ukano huvuta pale, mpaka pakavimba na kuuma. Si uchawi, wala si uvivu. Hupona kwa kupunguza kukimbia na kuruka, kwa kitambaa cha maji baridi baada ya mchezo, na kwa kunyosha misuli ya paja polepole; na kwa wengi hukoma kabisa wakiisha kukua. Kurukaruka mara hamsini ndiyo dawa ya kuzidisha. Kitambaa chetu hakikuzidisha wala hakikupunguza. Kilimfanya tu acheze alipopaswa kukaa.

Na zile homa na ugonjwa wa SS, kwa nini aliuliza? Hapo muuguzi alituangalia kwa uso mgumu. Nchi yetu ina watoto wengi wazaliwao na ugonjwa huo, ambao chembe zao za damu hupindika na kuziba njia. Baadhi yao hawajapimwa, na nyumbani husemwa tu kwamba ni watoto wanyonge wa mifupa. Mtoto wa namna hiyo akikimbizwa kwa nguvu, akinyimwa maji, akiachwa na jasho katika baridi ya jioni za mwezi wa saba, aweza kupatwa na maumivu makali ya mifupa, hata kufa. Nanyi wazazi mjue tena: maumivu ya mguu yamwamshayo mtoto usiku, au yajayo pamoja na homa, au uvimbe usioshuka, si mambo ya uwanjani. Ni ya hospitali, siku ileile.

Tulirudi tukamweleza Papa wa Shituru. Hakufurahi. Robo ya mwisho ya mashindano ya mitaa ilikuwa imebaki majuma mawili, na kijana huyo ndiye mfungaji wake. "Sisi tulicheza na vidole vilivyovunjika," alisema, akaondoka.

Hapo hatuna budi kutaja jambo ambalo watu wa mji huu hulisema kwa sauti ya chini. Kuna mwalimu mwingine wa mpira, fundi wa redio, mpole, ajuaye kazi yake, ambaye baadhi ya wazazi wamekataa kumpa watoto wao. Sababu? Wazazi wake ni watu wa Kasai. Wasomaji wenye umri wakumbuka miaka ya 1992 na 1993, maelfu ya watu wa asili hiyo walipofukuzwa katika nyumba na kazi zao, na kituo cha gari la moshi cha Likasi kikajaa jamaa nzima zilizolala nje kwa miezi, zikingoja treni, na watoto wengi wakafa kwa maradhi. Sisi tulikuwa wachanga wakati ule, tumesimuliwa. Fundi huyu naye alikuwa mtoto mdogo kituoni pale. Wazazi wake walirudi baadaye, kwa kuwa hawakuwa na kwao kwingine. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa Likasi, na Kiswahili chake ni kama chetu.

Mzazi mmoja alituambia waziwazi: "Atawapanga watoto wa kabila lake mbele." Tulikwenda kuhesabu. Katika timu yake ya watoto kumi na wanne, wawili tu ni wa asili ya Kasai, na mmoja wao alikuwa amekaa nje kwa sababu ya kuchelewa. Wazazi wanaosema hivyo ndio haohao wanaosimulia kwa fahari mwaka wa 1974. Nani alifunga mabao 9 katika kombe lile la Misri? Ndaye Mulamba, mzaliwa wa Kananga. Nani alikaa langoni nyuma yake? Kazadi Mwamba, wa Mazembe. Wakati ule hakuna aliyeuliza mpira umepita kabila gani kabla ya kuingia wavuni.

Hatujamaliza, maana yuko mshauri wa mwisho, naye ndiye mwenye viatu visivyo na vumbi. Huja mara moja kwa mwaka, kwa gari, akiwa na daftari na miwani myeusi. Asema ana marafiki Ulaya, au Uarabuni, au Afrika ya Kusini. Amtaja mtoto mmoja kwa jina, mbele ya wenzake, na usiku uleule afika nyumbani kwao. Ataka fedha ya pasipoti, fedha ya majaribio, fedha ya picha. Mwaka juzi jamaa moja tuijuayo iliuza cherehani na mabati ya nyumba waliyokuwa wakiijenga. Mtoto alifika Lubumbashi, akalala majuma matatu katika chumba kimoja na wenzake tisa, akarudi kwa lori. Hajarudi uwanjani tena, wala hapendi kuulizwa.

Wazazi, shikeni jambo hili moja la sheria. Tangu mwaka wa 2001 FIFA imekataza mtoto wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ajili ya mpira, isipokuwa kwa sababu chache sana, kwa mfano wazazi wenyewe wakihama kwa shughuli zao zisizohusu mpira. Basi akija mtu kukuambia kwamba mwanao wa miaka 14 aitwa Ulaya wiki ijayo, ama haijui sheria, ama aijua mno. Na kuna haki nyingine ambayo yeye hatakuambia: timu iliyomlea mchezaji tangu umri wa miaka 12 huwa na sehemu yake ya fedha akiuzwa baadaye nchi za nje, mradi timu hiyo imeandikishwa na jina la mtoto limeandikwa. Ndiyo maana tumemwomba Papa wa Shituru awe na daftari. Amesema atafikiri.

Mshauri huyo huyo hupenda kupunguza miaka. Mtoto wa 16 huwa wa 13 kwa karatasi moja mpya. Wazazi wadhani ni hila ndogo. Lakini tangu mwaka wa 2009, katika kombe la dunia la vijana wa chini ya miaka 17, mifupa ya kifundo cha mkono hupigwa picha kwa mashine, na mifupa haisomi karatasi. Tena hila hiyo huwaangukia hata wasio na hatia. Huko Uganda watoto wamejifunza besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira mdogo kwa gongo. Waliowaletea mchezo huo nao walikuwa mchanganyiko kama wetu: waalimu wa shule waliojifunza sheria pamoja na wanafunzi wao, na Mmarekani mmoja, Richard Stanley, aliyekuwa mhandisi wa kemia. Mwaka wa 2011 watoto wa Kampala walishinda mashindano ya kanda yao huko Poland, wakapata haki ya kwenda Williamsport, Marekani, mahali ambapo watoto wa dunia nzima hushindana. Hawakwenda. Ubalozi uliona tarehe za kuzaliwa zisizopatana katika karatasi, ukawanyima ruhusa. Hebu fikirini nyumba zile, siku habari ilipofika. Mwaka uliofuata, 2012, watoto wa Lugazi walikuwa na karatasi zilizonyoka, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale, na wakawashinda watoto wa Oregon 3 kwa 2. Kati ya timu hizo mbili, waliobaki na waliokwenda, tofauti ilikuwa karatasi tu. Cheti cha kuzaliwa hutafutwa mtoto akiwa mchanga, katika ofisi ya mtaa. Atakapokuwa mfungaji wa mabao, ni vigumu kupata tarehe ambayo watu wote watakubaliana nayo.

Tumeulizwa: nimsikilize nani? Mama wa Kikula alijipatia jibu lake kabla yetu. Alimwacha mtoto apumzike majuma sita, na kila jioni akamfunga kitambaa cha maji baridi. Mjomba alinung'unika, kisha akaacha. Timu ya Papa ilifungwa mabao mawili kwa bila katika robo ya mwisho. Kijana aliketi kando ya mstari, akilia kidogo, akiwa amepewa kazi ya kushika bendera. Watu walisema maneno. Mama hakujibu.

Jumamosi iliyopita tulipita pale tena. Kijana amerudi, achezeshwa nusu ya mchezo tu. Mwenye pikipiki alikuwa amewapanga wadogo wanne kwa wanne, naye mshonaji amesimama langoni mwao mikono nyuma. Karibu na mstari wa viatu na ndala tuliona bidoni ya njano ya lita ishirini, yenye kikombe cha plastiki kilichofungwa kwa kamba. Tulimwuliza Papa ni ya nini. Akasema ni ya kunawia mikono, kwa ajili ya usafi. Wakati tuliposimama pale, watoto watano walikuja wakanywa, mmoja baada ya mwingine, naye aliangalia upande wa Shituru mpaka wakaisha.